Damu, Mifupa na Maneno: Mtafiti Anadaiwa Nini?



Ndugu msomaji, makala haya nilikusudia yawe ya kulaumu. Muhula uliopita niliyasema kwenye mdahalo wa jumuiya yetu hapa Arua, nikiwa upande wa waliodai kwamba utafiti wa kigeni umeinyonya West Nile, na nilipomaliza nilipigiwa takbira. Mhariri akaniomba niyaandike. Wiki iliyofuata nikapanda taksi kwenda Koboko kwa shughuli ya tasnifu yangu, na tangu siku hiyo sijaweza kuyaandika kama nilivyoyasema. Nitaeleza sababu. Kwanza nizirudie hoja zenyewe, kwani nyingi katika hizo bado naziamini.

Nilianza na Emin Pasha, na sisi Wanubi tuna haki ya kuanza naye. Alikuwa daktari Mjerumani, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer, aliyeingia katika utumishi wa Misri na kuwa gavana wa Ekwatoria mwaka 1878. Makao yake ya mwisho yalikuwa Wadelai, ukingoni mwa Nile, huku kwetu. Katikati ya vita na njaa, mtu huyo alikuwa akikusanya ndege na mimea, akiikausha, akiandika vipimo na kuipeleka kwenye makumbusho ya Ulaya. Yuko shomoro anayeitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwenyewe aliondoka na Stanley mwaka 1889, na askari wake waliobaki wakachukuliwa na Lugard mwaka 1891 wawe askari wa Waingereza. Hao ndio babu zetu. Niliwaambia wasikilizaji: tazameni, shomoro alipewa jina na kabati la kioo, babu yenu akapewa bunduki ya mtu mwingine. Hapo ndipo takbira ya kwanza ilipopigwa.

Kisha nikaja kwa kifaru. Mapema mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka mmoja tu kabla, alipiga kambi magharibi ya Nile pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa wanyama wa taasisi ya Smithsonian. Wakati huo upande huo uliitwa Lado na ulikuwa bado chini ya utawala wa Wabelgiji. Kati yao baba na mwana waliua vifaru weupe tisa kwa ajili ya sayansi. Mahali penyewe tunapajua sote: Rhino Camp. Jina limebaki, kifaru hayupo. Waliopo sasa ni wakimbizi kutoka Sudan Kusini, na sidhani kama watoto wao wanaulizwa shuleni kwa nini kambi yao ina jina la mnyama. Kifaru mweupe wa kaskazini dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa Machi 2018 huko Ol Pejeta, Kenya. Wamebaki majike wawili, Najin na Fatu, mama na binti yake. Kusema kweli, Roosevelt hakuwamaliza yeye. Waliowamaliza ni majangili wa miaka ya baadaye, wengine wakiwa watu wetu wenyewe wenye bunduki za vita. Kwenye mdahalo niliiruka sehemu hiyo.

Baada ya mifupa nikaja kwenye damu. Mwaka 1937 watafiti wa homa ya manjano waliokuwa na makao Entebbe, katika taasisi ambayo leo ndiyo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, walichukua damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo, katika wilaya ya West Nile. Ndani yake wakakuta kirusi kisichojulikana. Taarifa ilichapishwa mwaka 1940, na kirusi kikaitwa kwa jina la wilaya yetu. Mwaka 1999 kilipozuka New York, ndege wakaanguka na watu wakafa, dunia nzima ikajifunza kutamka West Nile bila kujua kwamba ni mahali ambapo watu wanalima muhogo na kuozesha mabinti. Shirika la Afya Duniani lilikuja kushauri mwaka 2015 kwamba maradhi yasipewe majina ya mahali. Kwetu ushauri ulichelewa. Na yule mwanamke? Kijiji chake kimetajwa katika vitabu vya tiba vya ulimwengu. Jina lake hatulijui.

Nikamalizia na maneno. John Middleton alikaa na Walugbara mwishoni mwa utawala wa Kiingereza, akatoa kitabu chake cha dini ya Walugbara mwaka 1960. Miaka kumi baadaye Okot p'Bitek, mtoto wa Gulu, ng'ambo ya pili ya mto, aliyekuwa amesoma anthropolojia Oxford na kukasirishwa na walimu waliowaita watu wake washenzi, akaandika kitabu kizima kuwauliza wasomi wa Magharibi wanapata wapi hiyo miungu wanayotubandika. Giles Foden akaandika riwaya ya Amin mwaka 1998, ikawa filamu. Nami nikisema popote kwamba mama yangu ametoka Koboko, swali la kwanza ni Amin, kana kwamba mji mzima ulizaa mtu mmoja. (Na hata kuzaliwa kwake Koboko wanahistoria wanabishania.) Barbara Harrell-Bond alikwenda kusini mwa Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuchunguza maisha ya wakimbizi wa Uganda, watu wetu hawa waliokimbia baada ya Amin kuanguka, na kitabu alichokitoa mwaka 1986 kikawa moja ya nguzo za taaluma inayofundishwa Oxford na kwingineko. Taaluma hiyo, nilisema, ilimea juu ya mahema ya shangazi zetu.

Takbira ya tatu. Nikakaa.

Akasimama dada mmoja anayesomea uuguzi. Hakupaza sauti. Alisema anataka kuuliza jambo moja tu: je, msemaji angependa wasingekuja? Kisha akataja Kuluva.

Wengi wenu mnaijua hospitali hiyo ya misheni, kusini kidogo ya mji. Daktari Ted Williams aliyefanya kazi pale alikuwa akiandika kwa mkono kumbukumbu za wagonjwa wake, mmoja mmoja, anakotoka na siku alipougua. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alikuwa ameandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaoua watoto. Mwaka 1961 yeye, Williams na daktari mwingine walizunguka Afrika ya mashariki na kusini kwa gari kuukuu kuulizia uvimbe huo unapatikana wapi na unakomea wapi. Kati ya 1972 na 1974 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likachukua damu ya watoto kama 42,000 wa West Nile, wakiwa wazima, kisha likangoja kuona nani ataugua. Waliougua walionekana kuwa walikuwa tayari na dalili kubwa katika damu yao ya kirusi cha Epstein-Barr, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Ni kati ya ushahidi wa mwanzo na wenye nguvu kwamba kirusi kinaweza kuwa na mkono katika saratani ya binadamu. Yule dada akasema: mtoto akiletwa leo na taya limevimba, tunajua ni nini, na akiwahiwa kwa dawa anaweza kupona. Ujuzi huo umetoka wapi? Akataja pia ugonjwa wa malale, na vile vitambaa vya buluu vyenye dawa vinavyotegwa kando ya mito yetu kuua mbung'o, kazi iliyofanywa na watafiti wa nje na wa ndani pamoja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya kwetu si janga la umma tena Uganda. Watu wa Koboko na Maracha wenye umri wa mama yangu wanajua maana ya sentensi hiyo.

Nilimjibu kwa maneno ya mdahalo, yaani sikumjibu.

Sasa nije Koboko. Tasnifu yangu inahusu hukumu za wadia, mali iliyowekwa kwa mtu kama amana, na namna zilivyotumika au kuvunjwa wakati watu wetu walipokimbia. Kampala ilianguka Aprili 1979, na mwaka uliofuata hali huku ilipoharibika zaidi maelfu walivuka kuingia Zaire na Sudan. Mtu anayekimbia kwa miguu habebi kitanda. Anaacha mali kwa anayebaki. Nilitaka kujua: waliporudi, walikuta nini, na mashehe waliamua vipi? Vitabu vya fiqhi ninavyo. Niliwahitaji watu.

Nilimpata bibi mmoja, Mnubi wa Koboko, fundi wa kushona na kusuka, umri wake akiukadiria kwa vita na si kwa miaka. Nilikaa kwake alasiri mbili. Tulisema Kiswahili na Kinubi, chai haikukatika. Nilikuwa na fomu ya ridhaa, ile inayotakiwa na kamati ya maadili, nikamsomea yote mpaka pale panaposema anaweza kujitoa wakati wowote. Akacheka. Akasema, "Mwanangu, mimi nimeshajitoa mara ngapi, nchi mbili zinanijua." Lakini sharti lake lilikuwa moja, na lilikuwa kinyume cha fomu. Fomu ilisema jina lake litafichwa. Yeye akataka liandikwe. "Ukisema mwanamke mmoja wa Koboko kasema, nani atakubali? Sema jina langu, na jina la baba yangu." Akaniuliza pia nitarudi lini na hayo maandishi. Nikasema baada ya Ramadhani.

Aliyonisimulia ndiyo yaliyo bora kabisa katika utafiti wangu wote. Yeye na wanawake wenzake waliweka mali yao kwa mtu mmoja wa mji ule, mcha Mungu kwa sura, mbele ya mashahidi: cherehani mbili, vitambaa, masufuria makubwa ya harusi, pesa kidogo ndani ya mfuko wa kaniki. Waliporudi miaka ya themanini kati, mtu huyo alikana. Hakusema viliibwa, jambo ambalo lingemwondolea dhima kisheria kama hakuzembea. Alisema hakuwahi kupokea kitu. Kwa mwanafunzi wa fiqhi hapo ndipo penye mzizi wa masuala: mwenye kupokea amana haidhamini bila uzembe, lakini akiikana wakati anaidaiwa, hukumu hugeuka naye akawa mdhamini. Nilikuwa naandika mkono ukitetemeka kwa furaha. Furaha, ndugu zangu, mbele ya mwanamke mzee anayehesabu masufuria yake.

Ramadhani ikapita. Nikawa na mitihani, kisha nikawa na mdahalo, ule wa kuwalaumu wanaochukua na kuondoka. Nilipopanda ile taksi kumpelekea kurasa zake alikuwa ameshafariki wiki tano. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Njia ni ya lami siku hizi, mwendo wa saa moja hivi. Sikuwa na udhuru wa mto wala wa vita.

Binti yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nikamsomea kurasa. Alitabasamu kwenye mambo ya ushonaji, kisha tulipofika kwa mtu wa amana akanyamaza. Mwishowe akasema, "Hiyo usiandike." Yule mtu amekufa, lakini watoto wake wapo, nyumba ya tatu kutoka pale. Kibanda anachofanyia biashara ni cha kwao, na mwanawe mkubwa analipiwa karo na mmoja wao. "Mama alisema yake akafa. Mimi ndiye ninayeishi nao." Nikasema sitataja jina la mtu huyo. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto. Koboko nzima, alisema, wanajua nani aliachiwa cherehani mbili.

Nikarudi Arua na swali ambalo Roosevelt hakuacha, wala Burkitt. Nililiacha mimi.

Jambo la kwanza nililojiambia ni lile la yule dada wa uuguzi: manufaa. Elimu yenye manufaa ni sadaka inayoendelea, nasi tunaijua hadithi hiyo tangu madrasa. Basi kama simulizi hii itafundisha hukumu ya amana kwa wakimbizi waliojaa Rhino Camp na Bidi Bidi leo, ambao nao wameacha mali zao Yei na Kajo Keji kwa majirani, je, manufaa hayo hayafuti deni langu kwa familia moja? Nilipolipima sikulikubali. Fiqhi yetu inatenganisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki za waja, na haki ya mja haifutwi kwa kumtendea wema mja mwingine. Nikikopa kwa Juma nikampa Musa sadaka, bado nadaiwa na Juma. Mtoto anayepona London au Mwanza kwa sababu ya damu ya West Nile ni neema kubwa, wala simwonei choyo. Lakini kupona kwake si malipo kwa aliyechomwa sindano. Ni malipo pale tu dawa inapofika na Kuluva pia. Kwa hiyo hoja yangu ya mdahalo ilikuwa na ukweli, na ya yule dada ilikuwa na ukweli, tofauti ni kwamba yeye alitaja waliorudi na mimi nilitaja wasiorudi, nami mwenyewe nilikuwa katika kundi la pili bila kujihesabu.

Hoja ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa inatoka ndani ya fani yetu. Maulamaa wa hadithi hawakuwaficha watu. Waliandika huyu mwongo, huyu anasahau, huyu alichanganyikiwa uzeeni, wakawataja kwa majina na ya baba zao, na imamu an-Nawawi anahesabu jambo hilo kati ya mahali sita ambapo kumsema mtu nyuma yake kunaruhusiwa. Jabir bin Abdillahi alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham kwa ajili ya hadithi moja kwa Abdullah bin Unays, na jina la aliyemsimulia ndilo lililoifanya safari iwe na maana. Kwetu msimulizi asiyejulikana ni udhaifu katika sanadi. Bibi yule, ambaye hakusoma mustalahi hata siku moja, aliielewa kanuni hiyo kuliko kamati: bila jina, nani atakubali? Nilitamani kuishikilia. Ningeweza kusema: namjeruhi yule mkanushaji kama Yahya bin Ma'in alivyowajeruhi wasimulizi, kwa ajili ya ukweli.

Lakini ruhusa ile ilitolewa kwa sababu dini ingeharibika wasingesema. Nikijiuliza kwa uaminifu ni kitu gani kitaharibika nisipoandika habari ya cherehani mbili, jibu ni sura ya nne ya tasnifu yangu. Hilo si dharura. Ni alama.

Tena kuna jambo ambalo nilipaswa kuliona mapema, maana ndilo ninalolisomea. Mali iliyokanwa haikupotea na kifo cha bibi. Dai lake limerithiwa. Binti yake ndiye mwenye haki sasa: akitaka atadai kwa warithi wa yule mtu, akitaka atasamehe, akitaka atanyamaza mpaka siku ya hesabu, na kunyamaza kwake nako ni namna ya kuitumia haki. Mimi si mrithi. Nikichapisha nitakuwa nimedai kwa niaba yake bila wakala, na nimelichagua mimi saa la kudai, na madhara yataangukia kibanda chake.

Msimamizi wangu alinisikiliza, akasema sura itabaki na tundu. Akapendekeza niandike "katika mji mmoja wa mpakani". Nilijaribu. Kila nilipobadilisha kitu ili asijulikane, cherehani zikawa baiskeli, Koboko ikawa mji mwingine, niliona ninatengeneza hadithi ya uongo na kuipa tanbihi. Nikaitoa yote. Mambo ya ushonaji na ya kuvuka mpaka nimeyaacha, na hapo jina lake lipo, na la baba yake, kama alivyotaka, binti akiridhia. Hapa jaridani siliandiki, kwa kuwa jarida hili sikuliombea ruhusa. Na nimeandika habari ya amana hapa, mtasema, hivyo nimefanya nini? Nilimpelekea binti yake ukurasa huu kabla ya mhariri. Vitu nilivyovitaja na idadi yake si vile vya kweli, na alivichagua yeye.

Linabaki moja ambalo sijalitua. Bibi alisema andika. Hakusema andika ya ushonaji. Alikuwa na akili timamu, alikuwa na haki ya maneno yake, na aliniamini mimi na si binti yake, ambaye huenda hakuwahi kumsikia akiyasema. Nimemtii aliye hai kwa sababu ya madhara yake, na kanuni ya kuondoa madhara inaniunga mkono. Hata hivyo usiku mwingine nahisi kwamba mwanamke mmoja alikanwa mara mbili, na mara ya pili ni mimi niliyesema sijapokea kitu.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Koboko. Sauti ya alasiri zile mbili nimeihamishia kwenye kadi ya simu nikamkabidhi binti, na ya kwangu nikaifuta mbele yake. Hakuisikiliza nikiwepo. Aliifunga kadi kwenye pembe ya leso, akaniuliza kama mle ndani mama yake anakohoa sana. Nikasema kidogo tu, mara nyingi anacheka.